Mtumbwi wa Kukodi, Nyavu na Jileti: Maneno ya Timu ya Tereni kwa Mkutano Mkuu

*Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama waliokutana Butembo. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukipunguza marudio tu, ili ndugu wa Beni na wafadhili ambao hawakufika wayasome nao.*

Tunawasalimu kipekee wale waliopanda kutoka Kyavinyonge, wengine juu ya magunia ya samaki, wengine wanne juu ya moto moja. Tunawasalimu waliotoka Beni, Bulongo na Mutwanga. Aksanti kwa kuja.

Kamati ilituomba sisi wa timu ya tereni tuseme juu ya kazi ya ziwa: mitumbwi tuliyokodi, pesa za wafadhili zilizoingia humo, na swali ambalo mtalipigia kura mchana: tununue mitumbwi yetu minne, au tuendelee kukodi? Tutasema pia habari ya kijana wetu aliyebaki majini. Hatutaki kuiacha mwisho kama tangazo. Lakini ili muielewe, lazima kwanza tueleze namna kazi inavyokwenda, maana wengi wenu mnawajua samaki wakiwa wamefika Kilokwa au soko la hapa Butembo.

Kwa nini tulikwenda ziwani

Tuliporudi kutoka kukimbia, kila mmoja alirudia kile alichokiacha. Mwenye shamba la kakao upande wa Rwenzori alikuta miti imeiva lakini njia ya kwenda huko ina hofu. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, watu wengi wamefia shambani, panga la kazi mkononi. Kwa hiyo kuna waliorudi nyumbani lakini hawajarudi shambani. Hao ndio waliotuambia: "Mutupeleke kwenye maji. Kule angalau unaona mbali."

Ziwa Edward lina kilomita za mraba kama 2,300, na zaidi ya theluthi mbili ni upande wa Congo. Pesheri zilizotambuliwa tangu zamani upande wetu ni tatu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Sisi tulichagua Kyavinyonge kwa sababu ndiyo iliyo karibu na Butembo na Beni, pale kaskazini, karibu na mahali mto Semliki unapotoka ziwani. Yote hayo yako ndani ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoundwa mwaka 1925, na iliyowekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Maana yake ni hii: pale hauvui kama unavyolima kwenye shamba la babu. Unavua kwa ruhusa, na idadi ya mitumbwi inayoruhusiwa ina kikomo.

Ndiyo sababu tulikodi. Hatukuwa na mtumbwi wenye ruhusa, na mwenye mtumbwi wenye ruhusa hauzi. Anakodisha.

Namna ya kukodi

Mtumbwi mmoja una watu watatu. Wanatoka jioni, wanatega nyavu, wanalala majini au wanarudi kando, halafu alfajiri wanazivuta. Wanaotega ndoano wanatafuta samaki wa chini: kambale, kamongo, na yule mwenye ndevu ambaye ng'ambo Uganda wanamwita semutundu. Wenye nyavu wanatafuta zaidi tilapia. Sangara msimtafute, ndugu zetu. Yuko Ziwa Albert, lakini maporomoko ya Semliki yanamzuia kupanda mpaka kwetu. Anayewauzia sangara na kuapa ametoka Kyavinyonge, mwulizeni vizuri.

Samaki wakiuzwa, kwanza zinatolewa gharama: chakula, betri za tochi, kodi za pale ufukweni. Kinachobaki kinakatwa katikati: nusu ya mtumbwi, nusu ya watu watatu. Tuseme mmeuza franka 100,000 na gharama ni 20,000. Zinabaki 80,000. Mwenye mtumbwi, aliyelala nyumbani, anachukua 40,000. Kila mvuvi anapata 13,000 na kidogo. Siku nyavu zinarudi tupu, mwenye mtumbwi hapati kitu, lakini deni la chakula na betri linaandikwa juu ya wale watatu.

Halafu kuna deni la pili. Mvuvi asiye na kitu anakopa kwa mnunuzi. Mnunuzi anampa nusu debe la unga na dawa ya mtoto, naye anaahidi samaki. Asubuhi ikifika, bei ni ya mnunuzi. Tumeona tilapia wa pale pale, wa ukubwa ule ule, wakiuzwa kwa bei mbili: mwenye deni anapewa hii, asiye na deni anapewa ile.

Ndiyo maana mzee mmoja wa kwetu alisimama mkutano uliopita akasema: "Hii nusu ya mtumbwi inatukula. Wafadhili wametoa pesa. Munangoja nini kununua?" Mzee hakukosea hesabu. Hata sisi tulikuwa tunawaza vile vile. Sasa sikilizeni tulichojifunza.

Nyavu tulizonunua vibaya

Msimu wa kwanza tulinunua nyavu vipande ishirini kwa pesa za wafadhili. Tulinunua mjini, kwenye duka ambalo hatutalitaja. Muuzaji alisema ni inchi nne na nusu, kipimo kinachotakiwa, na bei yake ilikuwa nzuri kuliko ya wengine. Tulifurahi. Hatukuwa na rula. Sisi tuliosoma chuo kikuu, tunaojua kuandika ripoti ya kurasa arobaini, tulinunua nyavu bila kupima tundu hata moja.

Tundu la wavu linapimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo mpaka fundo la upande wa pili. Wavuvi walipozivuta ufukweni walituangalia tu. Hazikufika inchi tatu. Walituambia turudishe. Tukasema tutarudisha wiki ijayo, muzivue kwanza siku chache, tupate faida kidogo. Siku ya tatu zilikamatwa na kuchomwa moto ufukweni, zote ishirini, watu wakiangalia. Waliochoma walikuwa na haki. Mama mmoja aliyesimama karibu nasi alisema: "Mulituletea nyavu, hamukutuletea rula." Tuliandika neno hilo kwenye daftari, na leo tunalisema mbele yenu kwa sababu pesa zile hazikuwa zetu.

Labda mtasema, inchi moja na nusu ni kitu gani? Tilapia mama hatagi mayai akayaacha. Baba anachimba shimo kwenye maji mafupi karibu na kando, mama anataga pale, halafu anayachukua mayai kinywani mwake. Anayatunza humo mpaka watoto wanaogelea, na hata baadaye wakiogopa wanarudi kinywani. Kwa hiyo ukivuta wavu wa matundu madogo karibu na kando, haukuvua samaki mmoja. Umevua na wale waliokuwa kinywani mwake, na wadogo zake ambao hawajazaa hata mara moja. Ndiyo maana sehemu za kando na kwenye midomo ya mito zinakatazwa.

Wazee wa Kyavinyonge wanakumbuka pia viboko. Katika miaka ya 1970 hifadhi hii ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Katikati ya miaka ya 2000, baada ya vita na bunduki, hawakufika hata 1,500. Kiboko anakula majani nchi kavu usiku na kuacha mavi yake majini mchana, na yale mavi yanalisha ziwa. Tulikula viboko, halafu tukashangaa samaki wamepungua. Mzee mmoja alituonyesha maji kwa mkono: "Zamani hapa kulikuwa samaki. Sasa kuko maji na mitumbwi."

Swali la mfadhili

Mfadhili mmoja alituuliza: kama watu wana njaa, kwa nini muwawekee mipaka? Ni swali la moyo mwema, na tulilijibu hivi.

Huko Alaska, Marekani, wakati wa kiangazi chao, watu wanalipa pesa nyingi kukodi boti pamoja na nahodha wake, kwa siku moja, wakavue samoni na samaki wa chini kama halibut. Ni kukodi kama kwetu, ila wao wanavua kwa kujifurahisha. Hata hivyo, tangu mwaka 1923 Marekani na Kanada wana tume ya pamoja ya kumhesabu na kumlinda halibut. Kwenye maji ya kusini-mashariki mwa Alaska mteja wa boti ya kukodi anaruhusiwa halibut mmoja kwa siku, na hata huyo mmoja anapimwa urefu. Kama hana kipimo kinachoruhusiwa, anarudi majini.

Karibu nasi zaidi, mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika toka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu, samaki wazae. Siyo kwamba wavuvi wa Kigoma hawana watoto wa kulisha.

Lakini tuseme kweli yote. Yule mteja wa Alaska akirudi bila samaki, anakula hotelini. Mvuvi wetu akirudi bila samaki, watoto wanalala na uji, kama uji upo. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi. Ukimwambia mtu asivue kando, lazima umuulize pia atakula nini mwezi huo. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Kijana wetu

Sasa tuseme juu ya kijana.

Kiangazi, Juni na Julai, ziwa lina upepo mbaya. Upande wetu wa magharibi, chini ya milima, ndiko kwenye kina kirefu, zaidi ya mita 100. Usiku ule mitumbwi yetu miwili ilitoka. Mmoja ulirudi mapema kwa sababu mzee wake aliangalia mawingu na hakuyapenda. Wa pili ulikuwa na vijana watatu. Walikuwa na deni la wiki mbili, hawakutaka kurudi mikono mitupu. Karibu na alfajiri wimbi liliujaza mtumbwi, ukageuka. Wawili walishika bidoni za plastiki mpaka mitumbwi mingine ilipowaona. Wa tatu alipatikana siku ya pili. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mke, na mtoto mmoja. Alikuwa amekimbia Eringeti akiwa mdogo, akaishi Oicha, akaishi Beni, akarudi, akakimbia tena. Hajafa kwa panga wala kwa risasi. Amekufa kazini, kwenye kazi tuliyomtafutia sisi.

Ndugu, jileti za kuokoa zilikuwapo. Zilikuwa kumi na mbili, watu watatu kwa mitumbwi minne, hesabu kamili. Zilikuwa zimefika siku kumi na tisa kabla ya usiku ule. Zilikuwa ndani ya depo, zimefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwetu, kwenye ofisi. Tulikuwa tunangoja siku ya kuzikabidhi. Tulitaka mtu wa kamati aje, mwakilishi wa wafadhili aje, tupige picha, tuweke kwenye jarida hili hili mnalosoma.

Hakuna mfadhili aliyetuomba picha ile. Ilikuwa desturi yetu. Tulizoea kwamba kitu hakijatolewa mpaka kimepigwa picha.

Tulikwenda kwa mjane wake. Tulikaa chini kwenye mkeka. Tulimwambia habari ya jileti wenyewe, kabla hajaisikia kwa watu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Na zile zingine kumi na moja, ziko wapi sasa?" Tulipanda moto jioni ile ile. Kabla ya giza kila mvuvi alikuwa na yake, na ile ya kumi na mbili alipewa mzee anayeangalia mawingu.

Kununua au kukodi

Sasa kura yenu. Maoni yetu ni haya, na ninyi mtaamua.

Tunawaomba msinunue mitumbwi minne msimu huu. Mtumbwi tunaweza kuununua. Ruhusa hatuwezi kuinunua kwa fundi seremala. Mtumbwi bila namba utavua usiku kwa kujificha, utakwenda kwenye maji mafupi yaliyokatazwa, au utasukumwa upande wa Uganda. Mpaka wa majini hauna ukuta wala kamba. Mnakumbuka Julai 2018, wanajeshi wa maji wa Uganda na wa Congo walipopigana risasi ziwani, watu wakafa. Wavuvi wetu wangapi wamekamatwa ng'ambo, familia zikauza mbuzi na shamba kuwatafuta? Hatutaki kuwapa watoto wetu chombo cha kuwapeleka huko.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, tukodi msimu mmoja tena, lakini kwa karatasi. Tumekwisha kuzungumza na wenye mitumbwi wawili, wamekubali: siku nyavu zinarudi tupu, gharama ya usiku ule inagawanywa nusu kwa nusu kati ya mtumbwi na wavuvi. Wavuvi wakiona hali mbaya wakarudi mapema, hakuna wa kuwatoza. Kama tungekuwa na karatasi hiyo mwaka huu, vijana wale wangeweza kurudi bila aibu.

La pili, nyavu za kipimo, na rula ya chuma kwenye kila kundi. Wavuvi wenyewe watapima dukani, siyo sisi. Pesa isitoke kabla wavuvi wawili hawajatia sahihi kwamba wamepima.

La tatu, sehemu kubwa ya pesa iende kwa wamama wa ufukweni. Hapa tunajibu lile swali la mtu atakula nini. Mama akiwa na mtaji mdogo wa kundi, mume wake hatakopa kwa mnunuzi, na bei itakuwa moja. Akiwa na tanuru nzuri ya kukaushia, samaki wa leo hawatauzwa kwa hasara kwa sababu fuso limekwama kwenye matope. Wataingia moshi au chumvi, watafika Butembo kama makayabu wiki ijayo. Tanuru inayokula kuni kidogo inatupunguzia pia safari za kutafuta kuni ndani ya hifadhi, ambako wamama wetu wanakutana na mambo tunayoyajua wote.

La nne, mfuko wa majini. Kila mtumbwi ukiuza, franka kidogo ziwekwe kabla ya kugawa, kabla hata ya nusu ya mwenye mtumbwi. Wenye mitumbwi wale wawili wamekubali na hili. Mjane wa kijana wetu awe wa kwanza kuhudumiwa, na ada ya mtoto wake iwe ya kwanza kulipwa atakapoanza shule.

Huku tukikodi, kamati iombe ruhusa kwa njia halali, kwa jina la chama, kupitia ushirika wa wavuvi na wakuu wa hifadhi. Ikipatikana hata namba moja, mtumbwi wa kwanza tutaununua siku hiyo, na mzee aliyesema nusu inatukula ndiye tutakayemwomba aushushe majini.

Kwa wafadhili

Ninyi mnaosoma mbali, tumewaambia zilivyopotea nyavu ishirini, na tumewaambia ya jileti. Hesabu yote iko kwa mweka hazina, franka kwa franka, pamoja na pesa zilizochomwa ufukweni. Mkitaka kuacha kutusaidia kwa sababu hiyo, tutaelewa. Mkiendelea, tunawaomba kitu kimoja: tukiwaletea picha nzuri, mtuulize kitu kile kilifika lini na kilitolewa lini. Tangu sasa ripoti zetu zitakuwa na tarehe hizo mbili kwa kila kitu, hata kama ni ndoano.

Depo ya Kyavinyonge haina kufuli tena. Ufunguo wa mlango uko kwa mama anayeuza mandazi pale mbele, maana yeye anaamka kabla ya wavuvi na analala baada yao.

Ndugu wanachama, maneno yetu yameishia hapo. Mtuulize mnachotaka, hata kile kinachouma. Kabla ya kura tusimame kidogo kwa ajili ya yule kijana na kwa wote ambao ziwa halijawarudisha.